Mawe ya Lavaux Aliyabeba Nani?

Siku ya kuonja mvinyo Lavaux ina utaratibu wake, na utaratibu huo haubadiliki sana hata ukilipa mwongozaji awatembeze ninyi peke yenu. Gari dogo linawachukua asubuhi kutoka Geneva au Lausanne, linafuata ufuko wa ziwa kuelekea mashariki, kisha linaanza kupanda. Mnashushwa juu ya kijiji, Epesses au Rivaz, na hapo mwongozaji ananyamaza kidogo kwa makusudi ili macho yafanye kazi yake. Chini ni ziwa. Ng'ambo ni milima ya Savoie, upande wa Ufaransa. Kati yenu na maji mteremko mzima umekatwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe, na juu ya kila ukuta kuna mistari michache ya mizabibu, mahali pengine miwili au mitatu tu.

Kisha linakuja lile la jua tatu. Kila mwongozaji analo. Jua la kwanza ni la angani, la pili ni lile linalorudishwa na uso wa ziwa, la tatu ni joto ambalo kuta zinalinyonya mchana na kulitoa usiku. Ni maelezo mazuri na yana ukweli ndani yake. Baadaye mnaingia katika ghala la chini ya nyumba ya mkulima, mnamiminiwa mvinyo mweupe wa zabibu za Chasselas, glasi moja ya Epesses na nyingine ya Dézaley, pamoja na mkate na jibini. Chasselas haina kishindo. Harufu yake ni ya chini na uchachu wake si mkali, na wenyeji wanaisifu kwa sababu hiyo hiyo: eti kwa kuwa yenyewe haisemi sana, unasikia udongo. Mimi nilionja kwa adabu na kutema katika ndoo, kama wanavyofanya wenye kazi hiyo.

Nilikuwa hapo kama mkalimani. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi za siku moja za namna hii zinasaidia kodi ya chumba. Wageni walikuwa mke na mume kutoka Dar es Salaam waliokuja kumtembelea binti yao. Mama yule ni Mluguru, amezaliwa Matombo, na alipoziona zile ngazi hakupiga picha. Aliweka kiganja juu ya ukuta, akatazama chini mpaka ziwani, akatazama juu.

"Hebu muulize, mwanangu," akaniambia. "Haya mawe aliyabeba nani?"

Nikauliza. Mwongozaji akajibu bila kusita: watawa, katika karne ya 12.

"Yote haya?" mama akasema. "Watawa walikuwa wangapi?"

Swali hilo halikuwa la utalii. Milimani Uluguru, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na kwa wengi haikuonyesha faida yoyote shambani. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Mtu aliyelelewa na wazazi waliochimba matuta yale haangalii mlima uliokatwa ngazi akaona uzuri kwanza. Anaona migongo.

Jibu la mwongozaji si la uongo. Wabenedikto na Wasistersi walishika sehemu kubwa ya mteremko huu tangu karne za 11 na 12, na Dézaley, eneo lenye sifa kuliko yote, linatokana na ardhi ambayo askofu wa Lausanne aliwapa Wasistersi ikiwa pori. Abasia za Hautcrêt na Montheron zilikuwa na mashamba huko. Kanuni ya Wasistersi iliwataka waishi kwa jasho la mikono yao, lakini ndani ya utaratibu huo huo kulikuwa na ndugu walei, watu wa nadhiri wasioimba sala zote kwaya, waliokuwako hasa kwa ajili ya mashamba. Na jinsi abasia zilivyozidi kuwa na ardhi, ndivyo kazi ilivyokabidhiwa familia za wakulima waliolima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Kwa hiyo ukisema "watawa walijenga" umemtaja mwenye hati. Aliyebeba jiwe hujamtaja bado.

Orodha ya wenye hati, kwa kweli, inapendeza kwa ukamilifu wake. Mwaka 1536 Bern iliiteka nchi ya Vaud, ikaleta Matengenezo ya Kiprotestanti na kufunga nyumba za watawa. Mali ya Montheron ikaenda kwa jiji la Lausanne, na hadi leo jiji hilo linamiliki shamba la Clos des Moines, yaani uzio wa watawa, huko Dézaley. Mvinyo wake linauuza kwa mnada. Karibu na Saint-Saphorin kuna Les Faverges, lililokuwa la abasia ya Hauterive mpaka 1848, kisha likachukuliwa na jimbo la Fribourg, ambalo bado linalo. Askofu, abasia, Bern, jiji, jimbo: kila mmoja aliacha karatasi. Unaweza kufuata kipande kimoja cha mteremko kwa karne 9 bila kupoteza jina la mwenyewe.

Bern ilitawala hapa mpaka 1798. Katikati ya kipindi hicho Lavaux ilitoa mtu mmoja anayekumbukwa na Vaud nzima: Jean Daniel Abraham Davel, mthibitishaji wa hati wa Cully na meja wa wanamgambo wa eneo hili. Tarehe 31 Machi 1723 aliwaongoza mamia ya watu wake mpaka Lausanne, akaitaka halmashauri ya jiji ijitoe chini ya Bern. Wakuu wa Lausanne walimpokea vizuri, wakapeleka habari Bern, wakamkamata. Alikatwa kichwa Vidy tarehe 24 Aprili. Cully wana mnara wake kando ya ziwa, na gari la watalii hupita karibu. Kinachonishughulisha mimi ni wale mamia. Hawakuwa wameambiwa wanakwenda kufanya nini, na bunduki zao hazikuwa na risasi. Meja ana mnara. Wao walirudi kwenye mizabibu.

Turudi ukutani. Neno "kujenga" linatudanganya kwa sababu linafanya ionekane kwamba kazi iliisha. Ukuta unaoshika udongo kwenye mteremko hauishi. Mvua inaujaza maji nyuma, barafu ya majira ya baridi inatanua nyufa, ukuta unatoa tumbo kisha unabomoka, na unajengwa upya. Lavaux ina zaidi ya kilomita 400 za kuta hizi. Udongo nao una tabia ya kuteremka: kila jembe linausogeza kidogo, kila mvua inausogeza zaidi, mpaka ngazi ya chini ina udongo mwingi na ya juu imebaki mawe. Kwa karne nyingi dawa ilikuwa moja tu. Majira ya baridi, mizabibu ikiwa imelala, watu walijaza udongo katika matenga ya mgongoni wakaurudisha juu, ngazi baada ya ngazi. Mwaka uliofuata walifanya vilevile. Reli ndogo za kupandisha mizigo shambani ni za juzi tu katika historia hii; kabla yake, kila kilichopanda kilipanda mgongoni.

Hao waliobeba wana jina la kazi: tâcheron, kutoka neno la Kifaransa la kazi iliyopimwa. Nilipokuwa namtafsiria mama sikulazimika kufikiri. Ni mfanyakazi wa kipande. Kiswahili kilijifunza neno hilo kwenye mashamba ya mkonge na ya walowezi, na linakaa hapa kana kwamba lilikuwa linasubiriwa. Tâcheron alilima mizabibu ya mtu mwingine, akalipwa kwa eneo au kwa sehemu ya mavuno, na mara nyingi mwenye shamba aliishi mjini na hakuwa na habari kama mizabibu imepogolewa sawasawa.

Hilo la mwisho ndilo lililozaa kitu kikubwa kuliko vyote katika historia ya eneo hili. Vevey, mji ulio mwisho wa mashariki wa Lavaux, kulikuwa na chama cha wenye mashamba, Confrérie des Vignerons, ambacho kumbukumbu zake zilizosalia zinaanzia 1647. Kazi yake ilikuwa ukaguzi. Wataalamu wa chama walipita katika mashamba ya wanachama, wakaangalia upogoaji, upaliliaji na usafi, kisha wakamwandikia mwenye mali jinsi mtu wake anavyofanya kazi. Mwaka 1770 chama kikaamua kwamba kulaumu hakutoshi, wafanyakazi bora wapewe tuzo. Mwaka 1797, mwaka mmoja kabla utawala wa Bern haujaanguka, kikawavisha mataji mbele ya watu. Ndiyo Fête des Vignerons, Sikukuu ya Wakulima wa Mizabibu, inayorudi takriban kila kizazi. Ya mwisho, mwaka 2019, ilichezwa katika uwanja wa watazamaji 20,000 uliojengwa sokoni Vevey, na UNESCO ilikuwa imeshaiweka katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016.

Nimesoma maandishi mengi yanayoisherehekea kama heshima ya mji kwa wakulima wake. Sibishi kwamba ni heshima. Lakini iangalie inavyosimama: aliyevikwa taji alikuwa mwajiriwa, aliyemvika alikuwa chama cha waajiri, na kilichompatia taji ni alama alizopewa na mkaguzi. Kwa mwanafunzi wa historia kuna jambo la ajabu zaidi. Hapa ndipo wabebaji wa mawe wanapoanza kupata majina. Karne kwa karne wamekuwa mikono tu, kisha ghafla, ndani ya vitabu vya ukaguzi na orodha za tuzo, kuna mtu, shamba lake na jinsi alivyopogoa. Tunawajua kwa sababu kuna aliyekuwa anawachunguza. Wengine wangesema hiyo ndiyo kawaida ya nyaraka zote, kwamba maskini huonekana pale anapohesabiwa, anaposhtakiwa au anapotozwa kodi. Ni kweli, ila sijaona mahali pengine ambapo ukaguzi umekua mpaka ukawa sherehe ya nyimbo na farasi. Wakaguzi wa chama bado wanapita mashambani hadi leo, bado wanatoa alama.

Mambo ya karne ya 20 nitayapitia haraka. Kidudu cha filoksera kilichofika karibu na Geneva mwaka 1874 na kuingia Vaud miaka ya 1880 kiliwalazimisha kupandikiza mizabibu juu ya mashina ya Kimarekani. Barabara kuu na nyumba za matajiri zikaanza kupanda mlimani. Mwaka 1977 Franz Weber, mwanaharakati wa mazingira, aliwashawishi wapiga kura wa Vaud waikinge Lavaux kwa katiba ya jimbo. Wakarudia uamuzi huo 2005. UNESCO ikaiorodhesha mwaka 2007. Weber alipotaka sheria kali zaidi mwaka 2014, wakulima wenyewe walikuwa miongoni mwa waliompinga, na wapiga kura wakachagua njia ya kati. Ninawaelewa wakulima. Ni jambo gumu kulipia ukuta ambao dunia nzima inaupenda.

Kuna kundi moja ambalo hata orodha za tuzo hazikulishika. Mwishoni mwa majira ya kuchipua, mizabibu inapotoa machipukizi kwa fujo, lazima yapunguzwe kwa mkono, moja moja, katika wiki chache tu. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake walioitwa effeuilleuses, wapunguza majani. Baadhi walitoka jimbo la milimani la Valais, na wengi walitoka Savoie, ile milima ya ng'ambo ambayo mgeni huitazama akiwa na glasi mkononi. Walivuka ziwa, wakainama mistari mizima tangu alfajiri, wakalipwa, wakavuka tena. Tuzo ilikuwa ya mwenye mkataba wa shamba, si ya aliyekuja kwa wiki chache. Katika maonyesho ya Sikukuu wamo, lakini kama wahusika, mavazi na wimbo.

Nilimweleza mama haya tukiwa tumekaa nje ya ghala, mwongozaji akiwa ameingia kufunga chupa walizonunua. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama wanawake wale walikuwa wakija na watoto wao au waliwaacha. Sikuwa na jibu.

Boti za Evian na Lausanne bado zinavuka ziwa hilo, kama nusu saa hivi. Asubuhi na mapema huwa zimejaa: ni watu wanaoishi Ufaransa na kufanya kazi Uswisi, jioni wanarudi.