Utaratibu wa kazi, silaha ya wakamuaji wadogo wa alizeti Kanda ya Kati

MKULIMA wa Singida au Dodoma mwenye magunia ya alizeti ana viwanda vidogo vingi vya kuchagua. Mashine hufanana na mbegu hutoka mashamba yale yale, lakini kiwanda kimoja hupata wateja mfululizo huku cha jirani kikilalamikiwa. Mara nyingi kinachovitofautisha si mtaji, bali utaratibu wa kazi.

Kusimamia utaratibu ni kuigawa kazi katika hatua zinazojulikana, kila hatua ikiwa na mhusika na kipimo chake, kisha kurekebisha ile inayoleta hasara. Katika ukamuaji, hatua hizo ni kupokea na kupima mbegu, kuzikausha, kuzichekecha, kuzikamua, kuchuja mafuta, kuyafungasha na kuyahifadhi.

Sera ya taifa ya mwaka 2003 inaitambua biashara ndogo kuwa ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Katika biashara ya kiasi hicho, aghalabu utaratibu wote umo kichwani mwa mwenye mali. Akisafiri, kazi huyumba.

Hasara huanza mapema. Mchanga hula vyuma vya mashine, na mbegu zisizokauka hushika ukungu ghalani. Aidha, mashine iliyochakaa huacha mafuta mengi ndani ya mashudu. Mafuta yanayolingana na asilimia 1 tu ya uzito wa mbegu yakibaki humo bila sababu, kila tani hupoteza kilo 10, ambazo huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo.

Kinga ya kwanza ni mizani na daftari. Kilo za mbegu zilizoingia zikilinganishwa kila siku na kilo za mafuta na mashudu zilizotoka, kasoro ya mashine huonekana kabla mteja hajalalamika.

Tangu mwaka 2013, wizara inayosimamia viwanda, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japani (JICA), ilianza kueneza kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua bila gharama kubwa. Msingi wake ni "S tano", ambazo pia hutumika katika hospitali nchini: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kwa mkamuaji, maana yake ni kuondoa visivyotumika, kuweka kila kifaa mahali pake, kusafisha, kuweka kanuni moja kwa wote na kudumu nayo.

Kumbukumbu hizo pia husaidia katika masuala ya ubora. Mwaka 2019, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilikabidhiwa jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya TFDA. Kiwanda kinachojua dumu lilijazwa siku gani na kwa mbegu zipi hujieleza kwa urahisi mbele ya mkaguzi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo mikoani.

Hata hivyo, utaratibu hauongezi mavuno. Mbegu zikiisha, mashine husimama. Lakini mkamuaji anayejua kila kilo inampa mafuta kiasi gani anajua pia bei ya juu anayoweza kumlipa mkulima bila kufilisika, huku akishindana na mafuta ya mawese yanayotoka nje. Asiyejua hukisia, na katika biashara yenye faida ndogo, kukisia ni gharama.