Historia Tuliyoicheza Wakati wa Kipupwe

Wazungu wana msimu wao ambao sisi hatunao. Jua linapopungua nguvu kwao, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika, na familia hujikusanya ndani kuukimbia ubaridi. Habari za msimu huo tulizisoma darasani katika vitabu vya Kiingereza, tukazikariri pamoja na habari za theluji, ingawa kijijini kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona theluji kwa macho yake.

Sisi watu wa Mpanda tuna kipupwe. Mvua zilizoanza mwezi wa Novemba hukoma Aprili au mapema Mei. Mahindi hukauka, huvunwa na kuingizwa vihengeni. Nyasi hugeuka rangi ya simba, na alfajiri huwa na baridi ya kumfanya mtoto ajifunike khanga ya mama yake hadi kichwani. Miyombo nayo hupukutisha majani polepole, na ifikapo Septemba au Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, huchipua majani mapya yenye wekundu wa kung'aa. Kwa Wazungu majani huwa mekundu yanapokufa. Kwetu huwa mekundu yanapozaliwa.

Nilikulia Sibwesa, katika nchi iliyo kati ya mji wa Mpanda na Ziwa Tanganyika. Siku hizi iko ndani ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, hapakuwa na mkoa wa jina hilo. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Katavi ukamegwa kutoka humo mwaka 2012. Lakini kipupwe kilikuwa kilekile, na kwa sisi watoto ndio uliokuwa msimu wa furaha kuliko yote. Shamba halikuhitaji tena mtu wa kufukuza nyani na ngedere. Chakula kilikuwapo. Wazazi walikuwa na nafasi ya kwenda mbali, nasi tulikwenda nao.

Safari kubwa ilikuwa ya kurina asali. Baba alikuwa na mizinga ya magome na ya magogo, aliyoitundika juu ya miyombo, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Tulikwenda sote: baba na shoka lake, mama na vibuyu, kaka zangu na unga na chumvi, mimi na kazi ya kubeba kijinga cha moto kisizimike. Njiani baba alitukataza kumtaja simba kwa jina lake. Tulimwita "yule bwana". Usiku tulilala kuuzunguka moto, na kila tawi lililovunjika gizani lilikuwa "yule bwana" anatembea. Asubuhi tulipokuta ni mbawala tu aliyepita, tulisikitika kidogo kwamba tumekosa la kusimulia.

Ndugu msomaji, sisimulii haya kwa kutamani ujana tu. Kwa miaka mingi nilifundisha historia, kwanza nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu, baadaye nikiwa mwalimu mkuu. Mara nyingi nimesikia watu wenye elimu wakisema kwamba huko kwetu hakuna historia. Kuna pori tu, tembo na mbung'o. Jibu langu ni kwamba historia yetu ilikuwapo, na sisi watoto tuliicheza kila mwaka wakati wa kipupwe kabla hatujaisoma popote. Nitatoa mifano mitatu.

Mchezo wa kwanza uliitwa "kuhama". Mmoja wetu alisimama juu ya kichuguu na kupiga kelele kwamba kesho jua likichomoza asionekane mtu hapa. Wengine walifunga mizigo ya majani, wakabeba "watoto" wa magunzi mgongoni, wakatembea kwa msururu hadi upande wa pili wa uwanja. Hapo walijenga vibanda vilivyopangwa mstari mmoja ulionyooka. Kanuni mojawapo ilikuwa hii: lazima awepo mtu mmoja anayesinzia njiani, na wenzake wamwamshe kila mara. Akilala kabisa, amekufa.

Tulicheka sana kwa yule msinziaji. Bibi yangu mzaa baba hakucheka. Jioni moja aliniita, "Mume wangu mdogo, njoo," akanieleza kwamba mchezo ule yeye alikuwa ndani yake. Yule anayesinzia ni mgonjwa wa malale.

Baadaye vitabu vilinithibitishia maneno yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilihamisha maelfu ya watu katika nchi za magharibi mwa Tanganyika, waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika porini. Iliwakusanya katika makazi makubwa, wafyeke vichaka pamoja, ili mbung'o anayeeneza malale akose kivuli cha kukaa. Daktari wa serikali aliyeitwa Maclean ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini mashamba ya zamani, makaburi na miti ya matambiko viliachwa, na pori likarudi juu yake. Kwa hiyo msafiri anayepita leo na kudhani kwamba pori lile halikukaliwa na mtu tangu dunia iumbwe, anapita juu ya viunga vya watu. Sehemu nyingi ni pori kwa sababu watu waliondolewa humo. Watoto wa Sibwesa walilihifadhi jambo hilo katika mchezo, pamoja na ule mstari ulionyooka wa nyumba na yule mtu wa kusinzia, miaka zaidi ya 20 baada ya tukio lenyewe, bila kujua wanahifadhi nini.

Mchezo wa pili ulikuwa wa reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 njia ya reli ilijengwa kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, kuja hadi Mpanda, urefu wa kilometa 210 hivi. Sababu yake kubwa ilikuwa mgodi wa madini ya risasi. Katika sisi watoto hakuna aliyekuwa ameliona gari moshi, lakini mtoto wa baba yangu mkubwa alifanya kazi mgodini, na kila alipokuja likizo alituletea habari. Tulilaza mabua mawili mawili ardhini yakawa reli. Magunzi tuliyafunga kwa kamba za magome yakawa mabehewa. Moshi ulitoka kwenye kifuu cha ubuyu kilichotiwa kaa la moto. Shehena yetu ilikuwa vijiwe vilivyochongoka, kwa sababu tuliposikia kwamba Mpanda wanachimba risasi, tuliamini kwamba risasi za bunduki huota chini ya ardhi kama karanga, na kwamba Wazungu wameligundua shamba lake. Tulizihurumia nchi zitakazopigwa kwa mavuno yale.

Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Kaka yetu alirudi na blanketi, taa ya chemli na sanduku la bati. Wazee walikaa naye chini ya mwembe na kuzungumza kwa sauti ndogo. Sisi hatukuelezwa kitu. Lakini kipupwe kilichofuata mchezo ulibadilika wenyewe: gari moshi la magunzi halikubeba tena risasi, lilibeba watu. Mmoja alikuwa mnyapara anayesoma majina kwenye jani la mgomba, na kila aliyetajwa aliingia behewani na sanduku lake. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha jambo hilo. Mtoto husikia hata yale yanayosemwa kwa sauti ndogo, na asipopewa maelezo huyatengeneza mwenyewe.

Mchezo wa tatu ulikuwa wa meli. Watu wetu walikuwa na ndugu Karema, kando ya ziwa. Pale kituo cha kwanza cha Wabelgiji kilianzishwa mwaka 1879, kisha kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Baada ya mavuno baadhi yetu tulipelekwa huko kufuata dagaa na chumvi. Huko niliiona Liemba kwa mara ya kwanza, nikaamini papo hapo kwamba ni kijiji kinachotembea juu ya maji. Mjomba alitusimulia kwamba meli ile ilikufa ikafufuka. Sisi tulikuwa na umri wa kuamini. Tuliporudi Sibwesa tulichonga meli ya gome, tukaizamisha katika kidimbwi cha mto uliokuwa unakauka, tukaifukia kwa tope, na baada ya siku tatu tukaifukua kwa vigelegele. Katika kuifukua tulipata na kambare wawili, tukaona huo ni muujiza wa nyongeza.

Nilipokuwa mwalimu niligundua kwamba mjomba hakutia chumvi. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi zisiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ilizama, ikafukuliwa, ikafufuka. Kidimbwi chetu kilisema kweli.

Wakati wa moto wa jioni Karema kulikuwa na hadithi nyingine, nayo ilimhusu mganga Adrian Atiman, aliyefariki mwaka 1956. Wazee walisema alitoka nchi ya mchanga, akauzwa utotoni kama mbuzi, akaja kutibu watu wasio wa kabila lake. Nilidhani ni ngano kama za sungura na fisi. Kumbe alikuwa mtu kweli: alizaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, na akatibu watu Karema kwa zaidi ya miaka 60. Kwa mtoto, ngano na historia huketi kwenye mkeka mmoja. Kazi ya mwalimu ni kuvitambulisha kila kimoja kwa jina lake, bila kukifukuza chochote mkekani.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yamepita. Mimi nasema michezo haijakoma, ila wachezaji wamebadilika. Nchi yetu imepokea watu wengi: wakimbizi kutoka Burundi waliowekwa Katumba kuanzia mwaka 1972 na Mishamo kuanzia 1978, waliohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ileile ya 1970, wafugaji na wakulima kutoka Usukuma waliokuja baadaye. Katikati ya miaka ya 1970, nikiwa zamu uwanjani wakati wa mapumziko, niliwaona watoto wamepanda juu ya gogo, wanatikisika kama walio ndani ya lori, na mmoja analia kwamba kuku wake amesahauliwa nyumbani kwa zamani. Nilisimama nikatazama. Jina la mchezo lilikuwa jipya, lakini mimi niliufahamu. Ulikuwa "kuhama".

Tangu siku hiyo niliwapa wanafunzi wangu kazi moja kila kipupwe: waandike mchezo mmoja wanaoucheza, kisha wakawaulize babu na bibi umetoka wapi. Wengi walirudi na ukurasa mtupu. Wachache walirudi na habari ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Hofu yangu leo ni kwamba hao wa kuulizwa wanakwisha. Bibi yangu hayupo, mjomba hayupo, na kaka yetu wa mgodini tulimzika zamani. Nchi isiyo na majengo ya mawe wala nyaraka nyingi huweka kumbukumbu zake katika midomo ya wazee na miguu ya watoto, na midomo ikifungwa, miguu hucheza bila kujua inacheza nini. Mkataa kwao ni mtumwa, lakini mtu atakubalije kwao asikokujua?

Basi nawaomba wazazi na walimu wenzangu jambo dogo. Mavuno yakiisha na baridi ikianza, muwatazame watoto wanavyocheza kabla ya kuwaambia wanyamaze. Waulizeni mchezo huo wameupata wapi. Kisha mwandike jibu lao katika daftari, pamoja na mwaka na jina la kijiji.