Vigae vya Uvinza

Msafiri ashukaye Kigoma mara nyingi huwa na nia ya kufika Ujiji, apaone mahali pa ukumbusho ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Ikiwa amesafiri kwa gari moshi, amekwisha kupita kituo cha Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na yamkini hakuinua macho. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi. Karne kumi na tatu hivi kabla ya wazungu hao wawili kupeana mikono, palikuwa na watu pale waliochemsha maji hayo juu ya moto, wakapata chumvi, na wakaacha nyuma yao vyungu vilivyovunjika.

Mtafutaji wa mambo ya kale katika nchi zilizotawaliwa na Rumi ana bahati asiyokuwa nayo mwenzake wa Kigoma. Mkulima wa Uingereza akiinua kwa jembe sarafu ya Kirumi, uso wa Kaisari umo na jina lake limeandikwa. Kitu chenyewe chamweleza msomi ni cha wakati gani. Kigae cha Uvinza hakina uso wala jina. Pengine ndiyo sababu watu wengi waliotaka kuuandika ukale wa nchi hizi walitazama kwanza yaliyoandikwa na wageni. Kitabu cha Kiyunani cha safari za baharini, kilichotungwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii na pembe za ndovu zilizotoka huko, lakini juu ya Ziwa Tanganyika hakisemi neno. Ptolemaio, katika karne ya pili, ayataja maziwa ya bara yatokako maji ya Nile. Habari hizo alizipata kwa kusikia. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, bado suala la Nile lilikuwa vichwani mwao. Kumbe nchi waliyoivuka siku chache kabla ya kuliona ziwa ilikuwa na ushahidi wake yenyewe, nao ulikuwa chini ya nyayo za wapagazi wao.

Ushahidi huo ulichimbuliwa katika miaka ya 1960 na John Sutton na Andrew Roberts, ambao makala yao juu ya chumvi ya Uvinza ilitolewa katika jarida la Azania mwaka 1968. Waliukuta ufinyanzi wa Zama za Chuma za Mwanzo, na makaa yaliyopimwa kwa njia ya kaboni yalionyesha karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Utawala wa Rumi ya magharibi ulianguka mwaka 476. Basi katika siku zile zile ambapo Ulaya ilikuwa ikigawanywa na wafalme wapya, kando ya Ruchugi watu walikuwa wakichochea moto, na hakuna dalili kwamba walihitaji kufundishwa kazi hiyo na mtu wa mbali.

Yafaa kufikiri kazi yenyewe ilivyokuwa. Maji ya chemchemi huchemshwa mpaka yakauke, na chumvi hubaki chunguni. Lakini chumvi hupenya udongo wa chungu, na moto usiokoma huupasua. Ndiyo maana penye kazi hii vigae huwa vingi kupita kiasi cha mapishi ya nyumbani. Kwa hiyo palikuwa na wafinyanzi, palikuwa na wakata kuni, na kuni hazikuwa chache. Chumvi yenyewe haipo tena. Mvua ya kwanza ingeimaliza. Mwanahistoria yapasa aijue bidhaa kwa chombo chake.

Mwisho wa kusini wa ziwa maji yametenda kinyume. Katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, udongo uliojaa maji umehifadhi hata mti, kitu ambacho kwa kawaida huoza. Desmond Clark alianza kupachunguza mwaka 1953. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo mawili yaliyoonekana hapo, moja likiwa limechongwa likae juu ya jingine, yana miaka isiyopungua 476,000. Waliupata umri huo kwa kupima ni tangu lini chembe za mchanga ulioyafunika hazikuona jua. Hao hawakuwa watu wa namna yetu hasa, nao walijua kuunga mti.

Sasa lipo jambo moja linalohitaji hadhari, na hapa ndipo mapenzi ya nchi huweza kumpoteza msomi. Ni rahisi kusema kwamba waliochemsha chumvi katika karne ya tano ndio mababu wa Wavinza. Vigae havisemi hivyo. Katika tabaka za juu ufinyanzi ni wa namna nyingine, na chungu hakimwambii mtu lugha ya mfinyanzi wake. Lililothibitika ni kwamba kazi ilifanyika hapo tangu kale, na ilikuwa ikifanyika bado katika karne ya 19. Ikiwa ilipokewa na mwana kutoka kwa baba, au na mgeni kutoka kwa mwenyeji aliyehama, hilo ni swali lililo wazi, na kulifunga kwa haraka ni kuwanyima wale wa kwanza hata haki ya kuwa wao wenyewe.

Katika karne hiyo ya 19 chumvi ya Uvinza iliuzwa sokoni Ujiji, ambako shanga ziitwazo sofi zilitumika kama fedha, ikavushwa ziwa na kupelekwa hata Unyamwezi. Watawala wa Uvinza walichukua fungu lao kwa wachemshaji, kama walivyotoza hongo misafara iliyovuka Malagarasi. Stanley aliilalamikia sana hongo hiyo, asijiulize sana mwenye nchi aliionaje. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda penye chemchemi hizo, ikapaita Gottorp, na fungu la watawala likatoweka. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kiwanda kilijengwa pale pale palipokuwa na vyungu, kwa kuwa maji ya chumvi hayahami, na kila msingi uliochimbwa kwa ajili ya kazi mpya ulipita katika vigae vya kazi ya zamani.