Chokaa ya Kunduchi
Magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, yanathibitisha kwamba mafundi wa pwani walijua kulinda jiwe dhidi ya unyevu muda mrefu kabla ya saruji. Msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina, vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, nayo ilitokana na kuchoma matumbawe yayo hayo. Wapo watakaosema chokaa hubanduka upesi, saruji hudumu. Ni kweli hubanduka, na hapo ndipo ubora wake ulipo: huuachia unyevu utoke, na chumvi huila lipu, ambayo hupakwa upya. Saruji huvifungia vyote ndani, likamomonyoka jiwe lenyewe, ambalo halina mbadala.