Muuguzi hakingwi kwa vitamini peke yake

Wiki hii nimechagua kuzungumzia kitu kidogo kinachokaa katika mikoba ya wauguzi wengi wa mjini. Nacho ni kichupa cha vidonge vya vitamini. Ukiingia katika duka la dawa utavikuta vimepangwa mbele kabisa, na muuzaji atakuambia kwamba vinaongeza kinga ya mwili. Muuguzi anayekesha wodini, akikoholewa usoni usiku kucha, huvinunua kwa fedha zake mwenyewe akiamini kuwa virusi havitampata. Je, imani hiyo imetoka wapi? Na ina ukweli kiasi gani?

Tuanze safari yetu baharini. Mwaka 1747 daktari mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alikuwa katika meli iitwayo Salisbury. Mabaharia wake waliugua kiseyeye: fizi zinaoza, miguu inaishiwa nguvu. Lind aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Wako waliopewa siki, wako waliopewa maji ya bahari, na wawili wakapewa machungwa na malimau. Hao wa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Hata hivyo, jeshi hilo lilikaa mpaka mwaka 1795 ndipo likaagiza mabaharia wapewe maji ya malimau.

Naomba tushike jambo moja hapa. Malimau hayakuwapa mabaharia wale nguvu za ajabu. Yaliwarudishia kitu kilichokuwa kimepungua mwilini. Huo ndio mzizi wa habari yote ya vitamini.

Sasa tuje kwenye virusi. Mwaka 1932, jijini London, daktari Ellison aliwashughulikia watoto 600 waliolazwa kwa surua. Nusu yao aliwapa vitamini A pamoja na matunzo ya kawaida, nusu nyingine matunzo ya kawaida tu. Kati ya wale 300 wa vitamini walikufa 11. Kati ya wale wengine 300 walikufa 26. Habari hiyo ilisahaulika kwa muda mrefu. Iliamka tena hapa hapa kwetu Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Matokeo ya Mvumi yalichapishwa mwaka 1987: watoto 88 wenye surua walipewa vitamini A, wakafa 6, watoto 92 hawakupewa, wakafa 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yakashauri kwamba pale penye upungufu wa vitamini A, mtoto mwenye surua apewe.

Basi anayesema kwamba vitamini ni upuuzi mtupu hasemi kweli. Lakini angalieni tena: watoto wale walikuwa tayari wameugua, na wengi walikuwa na upungufu. Kidonge hakikuwazuia wasiambukizwe surua. Kiliwasaidia wasife.

Na hata pale kinaposaidia, kidonge kina pande mbili. Kuanzia mwaka 1995, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliandikisha akina mama wajawazito 1,078 wenye virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam. Miaka hiyo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia wananchi wa kawaida. Ilionekana kwamba vidonge vyenye vitamini B, C na E vilichelewesha ugonjwa kuwazidi akina mama wale. Lakini vitamini A, ile ile iliyowafaa watoto wa Mvumi, iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Ndugu zangu, kitu chenye uwezo wa kuponya kina uwezo wa kudhuru pia.

Je, ilikuwaje basi tukatoka katika kuziba upungufu, tukaingia katika kumeza vidonge ili virusi visituguse kabisa? Hapo anaingia Linus Pauling, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kemia, mtu aliyetunukiwa Nobel mara mbili, moja ya kemia na moja ya amani. Mwaka 1970 alitoa kitabu akidai kwamba vitamini C kwa wingi, gramu moja au zaidi kila siku, huzuia mafua. Kwa heshima aliyokuwa nayo, watu walimsikiliza, na maduka ya dawa ya Marekani yakauza vidonge kama njugu.

Wataalamu wenzake hawakuridhika na sifa ya msemaji. Walitaka kuona. Wafanyakazi 311 wa taasisi za taifa za afya za Marekani, watu wanaoishi na utafiti kila siku, walijitolea kumeza kapsuli kwa miezi tisa. Wengine walipewa vitamini C, wengine sukari ya maziwa, na hakuna aliyeambiwa amepewa nini. Lakini binadamu ni binadamu. Baadhi yao walizionja! Vitamini C ni kali kama ndimu, sukari ni tamu, kwa hiyo siri ikavuja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1975 ilibainika kuwa faida ilikuwa ndogo sana, na hata hiyo ndogo ingeweza kuwa imeletwa na kule kujua. Aliyejua kwamba anameza vitamini alijiona ana nafuu. Tena kati ya wale 311, waliofika mwisho wa utafiti ni 190 tu.

Mkasa huo umejirudia kwa sura nyingine. Nchini Japani, kuanzia Novemba 2009 hadi Aprili 2010, wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee walipewa kapsuli zenye viini vya majani ya chai. Kati ya 98 waliomeza chai waliougua homa ya mafua walikuwa 4. Kati ya 99 waliomeza kapsuli tupu walikuwa 13. Inavutia, sivyo? Lakini walipohesabiwa wale tu ambao maabara ilithibitisha kwamba wana virusi, ikawa 1 kwa 5. Kwa hesabu ndogo kama hiyo, bahati nasibu peke yake inatosha kuleta tofauti.

Kisha ikaja Korona. Sote tunakumbuka mwaka 2020, ndimu na tangawizi zilivyopanda bei sokoni, na nyungu ilivyofukizwa majumbani. Huko Mexico, katika hospitali nne za mji mkuu, wahudumu wa afya 321 waliandikishwa kumeza vitamini D au kidonge kisicho na dawa. Waliofuatiliwa mpaka mwisho walikuwa 192. Katika kundi la vitamini waliambukizwa asilimia 6.4, na katika kundi jingine asilimia 24.5. Wengi walishangilia. Lakini mwaka 2022 yalitoka matokeo ya tafiti kubwa zaidi, zilizohusu watu wazima wa kawaida. Uingereza walihusishwa watu 6,200 katika utafiti wa vitamini D. Norway watu zaidi ya 34,000 walimeza mafuta ya ini la samaki au mafuta ya mahindi. Kote kuwili, maambukizi ya Korona hayakupungua.

Mimi nasoma historia hii hivi: kadiri utafiti unavyokuwa mkubwa na makini, ndivyo ngao ya kidonge inavyozidi kuwa nyembamba kwa mtu asiye na upungufu.

Kwa nini nalisema hili kwa uchungu? Namfahamu muuguzi mmoja ambaye hospitali yake, nisiyotaka kuitaja, iliishiwa barakoa wakati wa Korona. Wakuu wake wakawagawia wafanyakazi vidonge vya vitamini C, wakawaambia wajipe moyo. Aliniambia kwamba alivimeza, akarudi wodini na kipande cha kitambaa usoni. Hapo kidonge kilikuwa kimeacha kuwa lishe. Kilikuwa kisingizio. Jukumu la mwajiri lilihamishwa, likawekwa ndani ya tumbo la mfanyakazi.

Na historia ya kinga ya kweli tunayo. Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wagonjwa walikuwa 315, na kati yao 80 walikuwa wahudumu wa afya. Zilipofika glovu, magauni na barakoa, na watu wakafundishwa kuzitumia, maambukizi ya wahudumu yalikaribia kukoma. Kadhalika homa ya ini aina ya B, ambayo muuguzi huweza kuipata kwa kuchomwa na sindano ya mgonjwa, ina chanjo tangu miaka ya 1980. Hakuna kidonge cha vitamini kinachoweza kujilinganisha na chanjo hiyo.

Simkatazi muuguzi kula chungwa lake, wala kunywa chai yake ya tangawizi. Ale vizuri, alale akipata nafasi, na akipimwa akaonekana ana upungufu, apewe anachokosa. Ila asirundike vidonge bila ushauri, hasa vitamini A akiwa mjamzito, kwani ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Na wanaomwajiri wasimpe kichupa mahali pa glovu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Nami naongeza kwamba lazima iwe kinga kweli.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.