Rusizi Waingia au Watoka?

Katika nchi za Ulaya ya magharibi, kusafiri mtoni kwa starehe ni desturi ya siku nyingi. Tangu mwaka 1827 meli zilianza kuchukua abiria kwa ratiba katika mto Rhein, baina ya miji ya Köln na Mainz. Hadi leo wasafiri hukaa juu ya sitaha wakitazama mashamba ya mizabibu na magofu ya ngome za kale, bila ya haraka na bila ya kazi yoyote isipokuwa kutazama. Mto huo unafaa sana kwa matembezi ya namna hiyo: kutoka Basel hadi baharini, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, huteremka kiasi cha mita 250 tu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Butare, katika wilaya ya Rusizi (msomaji asiichanganye na mji wa Butare ulio kusini mwa Rwanda), aghalabu huulizwa na wanafunzi kwa nini mto wetu hauna meli kama hizo. Jawabu ni jepesi. Rusizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukaishia Ziwa Tanganyika, lililo kiasi cha mita 770. Mteremko huo wa karibu mita 700 umo katika mwendo wa kilomita zisizozidi 120, na sehemu yake kubwa imo katika makorongo ya juu, kabla mto haujafika kwenye uwanda wa Bugarama. Huko juu maji hayachukui chombo. Kazi yake ni kuendesha mitambo ya umeme, wa kwanza uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili uliokamilika mwaka 1989.

Hata hivyo, si kweli kwamba Rusizi haujapata kamwe kutembelewa kwa starehe. Mwaka 1871 wageni wawili walipanda mtumbwi Ujiji, wakapigiwa makasia pole pole hadi mlangoni mwa mto huu, kisha wakarudi. Katika makala haya tunakusudia kuieleza safari hiyo. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya sifa za wasafiri wenyewe, ambazo zimekwisha kuimbwa vya kutosha, bali kwa ajili ya swali walilokwenda kulijibu. Swali lilikuwa hili: Je, mto Rusizi waingia katika Ziwa Tanganyika, au watoka humo? Tutaona kwamba wenyeji walikuwa wamekwisha kulijibu miaka kumi na mitatu kabla.

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Ujiji wakitafuta asili ya mto Naili. Burton alikuwa mgonjwa, na kwa hiyo mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa peke yake hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, kumwomba mfanya biashara mmoja, Hamid bin Sulayyim, amkodishie jahazi lake. Jahazi hakulipata, lakini alirudi na habari iliyowafurahisha sana: kwamba kaskazini ya ziwa uko mto mkubwa unaotoka nje. Ikiwa mto unatoka ziwani kuelekea kaskazini, basi huenda ndio Naili wenyewe.

Habari hiyo ilipitia vinywa vingi. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha kuzungumzia mambo kama hayo. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani na kukaa miaka mingi Bara Hindi kabla ya kurudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani, ambacho kwa wote wawili kilikuwa lugha ya kujifunza. Kwa hiyo neno la Hamid lilitafsiriwa kwanza na Bombay, likafahamiwa na Speke, kisha likasimuliwa kwa Burton kwa Kiingereza. Baadaye Bombay mwenyewe alisema wazi kwamba bwana wake hakufahamu vema: Hamid alitaja mto unaoingia ziwani, si unaotoka. Aliongeza kwamba, kwa maoni yake, Hamid hakupata kufika kaskazini ya rasi ya Ubwari. Ni Burton aliyeyaandika maneno hayo ya Bombay katika kitabu chake.

Walimu wenzetu na walitazame jambo hili kwa jicho la sarufi. Tuchukue sentensi moja ya kawaida: "Mto mkubwa unatoka kaskazini ya ziwa." Msikilizaji mmoja atafahamu kwamba mto unatoka pande za kaskazini, yaani unakuja ziwani. Mwingine atafahamu kwamba mto unatoka ziwani kwa upande wa kaskazini, yaani unakwenda zake. Kitenzi ni kile kile, lakini maji yamegeuka. Hatudai kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyatamka Hamid, wala kwamba kosa lilikuwa la kitenzi hicho peke yake. Twasema tu kwamba yeyote anayefundisha lugha hii anaweza kuona jinsi mto mzima unavyoweza kugeuzwa njia katikati ya ulimi wa msemaji na sikio la msikilizaji.

Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walikwenda kaskazini kwa mitumbwi miwili, wakafika Uvira. Hapo walijiwa na wana watatu wa chifu Maruta. Vijana hao walisema kwamba wao wameuona mto Rusizi, na kwamba unaingia ziwani. Watu wote waliokuwapo waliafiki. Burton ameandika kwamba moyo ulimvunjika. Wapiga makasia walikataa kuendelea mbele kwa kuwaogopa watu wa huko, na mlango wa mto haukuonekana na macho ya Mzungu.

Hapo ndipo palipo kiini cha habari yetu. Jawabu lilikuwa limekwisha kutolewa, tena na watu waliokaa siku chache tu mbali na mto. Lakini wataalamu wa London walilihesabu kuwa ni uvumi. Mwaka 1862 Speke aliuona Naili ukitoka katika Ziwa Victoria, na ugomvi wake na Burton ukawa mkali. Mjadala wao wa hadhara ulipangwa kufanyika katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864, lakini jana yake Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mwisho wa mwaka huo huo Burton, ambaye alikuwa ameyasikia maneno ya wana wa Maruta kwa masikio yake, aliyaweka kando akatangaza kwamba huenda Rusizi unatoka Tanganyika kwenda kaskazini. Ushahidi haukubadilika. Kilichobadilika ni haja ya aliyeusikia.

Ndiyo sababu David Livingstone, aliyekuwa akitafuta asili ya Naili tangu mwaka 1866, na Henry Morton Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka 1871, waliona inafaa waende wakaangalie wenyewe. Kwa hesabu ya Stanley waliondoka katikati ya Novemba wakarejea Ujiji katikati ya Desemba, siku 28 kwa jumla. Mtumbwi wao, uliochongwa kwa gogo la mvule, waliazimwa na Mwarabu wa Ujiji aitwaye Said bin Majid. Stanley ameieleza safari hiyo kama matembezi ya majini. Walifuata pwani ya Urundi, wakatazama vilima na vijiji vya wavuvi, wakalala nchi kavu usiku. Kulikuwa na vitisho mahali mahali, hata wizi, lakini kwa Livingstone, aliyekuwa amechoka na kudhoofika, zilikuwa siku za kupumzika.

Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba starehe ya wawili ilikaa juu ya mikono ya wengine. Walikuwamo wapiga makasia kumi na sita, mpishi Feraji, kijana Selim aliyekuwa mkalimani wa Stanley, na Wajiji wawili wa kuonyesha njia. Alikuwamo Susi, mtumishi wa Livingstone. Na alikuwamo Bombay, yule yule wa mwaka 1858. Mtu aliyekuwa amekwisha kusema kwamba mto unaingia alisafiri tena hadi kaskazini ya ziwa ili wakubwa wake wakapate kuamini.

Karibu na mlango wa mto, mahali paitwapo Mugihewa, walipokelewa na chifu Ruhinga. Huyu alikuwa mwalimu wa jiografia kwa maana halisi. Aliwatajia mito mingi inayomwagika katika Rusizi, akawaambia kwamba mto huo unaanzia karibu na ziwa liitwalo Kivo. Siku iliyofuata walipiga makasia hadi penye matete, wakakuta mto umegawanyika milango mitatu, wakapanda kidogo wakipambana na mkondo wa nguvu. Shaka ikaisha: Rusizi waingia. Stanley aliandika jina la Kivo kama alivyoambiwa na Ruhinga, lakini ilipita miaka 23 kabla Mzungu wa kwanza, Mjerumani von Götzen, hajafika kwenye ziwa hilo, mwaka 1894.

Livingstone aliendelea kuamini kwamba lazima ziwa lina njia ya kutokea mahali pengine, na katika hilo hakukosea. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga, ambao hutoka Tanganyika kuelekea magharibi na kuingia Lualaba. Naye Stanley, katika safari yake iliyomalizika mwaka 1877, alithibitisha kwamba Lualaba ndio mto Kongo. Kwa hiyo mvua inyeshayo upande huu wa milima yetu huteremkia Rusizi, ikapita Tanganyika na Lukuga, ikaishia katika bahari ya Atlantiki. Ng'ambo ya pili ya kilele cha msitu wa Nyungwe maji hushika njia nyingine: huko ndiko uliko mto Rukarara, ambao Richard Kandt aliutangaza mwaka 1898 kuwa asili ya Naili. Waliokuwa wakiutafuta Naili katika Rusizi walikuwa karibu nao kuliko walivyodhani, ila walikuwa upande usio wake.

Tumeeleza habari hizi kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi vya historia bado huandika kwamba wageni wawili ndio waliogundua, mwaka 1871, kwamba Rusizi unaingia ziwani. Walilothibitisha ni kitu kidogo kuliko hicho: kwamba wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli, na kwamba Bombay alikuwa mkalimani mzuri kuliko alivyohesabiwa. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtoto anayefundishwa kwamba mto wake uligunduliwa na mgeni hujifunza, bila ya kuambiwa, kwamba neno la babu yake si ushahidi.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kazi yetu imeongezeka, na wengi wetu tungali tunatafuta habari za kusomesha zilizo karibu na wanafunzi. Twapendekeza hii iwe mojawapo. Mwalimu na awape wanafunzi sentensi ile ya mto unaotoka kaskazini ya ziwa, awaache wabishane juu ya maana yake, kisha awatake waiandike upya hata isiwe na shaka yoyote. Baada ya hapo na awasimulie ya Hamid, Bombay, wana wa Maruta na Ruhinga, kwa majina yao. Somo la sarufi na somo la historia yatakuwa yamefundishwa kwa saa moja.