Roketi iliyoifichua hidrojeni ya angani

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya hidrojeni, ambamo atomu za gesi hiyo hukutana juu ya chembe za vumbi na kuungana mbili mbili kuwa molekuli. Wataalamu walilijua hilo kwa hesabu, lakini hadi mwaka 1970 hakuna aliyekuwa ameiona molekuli yenyewe. Katika baridi ya mawingu hayo, nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, haitoi mwale wowote wa kuitambulisha.

Machi mwaka huo George Carruthers, mwanafizikia Mmarekani mweusi wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini, alirusha roketi kutoka White Sands, New Mexico. Alihitaji kutoka nje ya angahewa, kwa kuwa hewa yetu huizuia miale ya urujuanimno. Chombo alichokibuni kilipima mwanga wa nyota Xi Persei, na mwanga huo ukaonekana umepungua palepale ambapo molekuli ya hidrojeni huumeza. Wengi humkumbuka kwa kamera yake iliyopelekwa mwezini na Apollo 16 mwaka 1972. Kwangu mimi, roketi ile ndiyo kazi kubwa zaidi.

Molekuli inayomeza urujuanimno husisimka: elektroni yake hupanda ngazi ya nishati, kisha huteremka. Takriban mara moja katika kumi, molekuli huvunjika. Nyingine husalimika zikiwa zinatetema, na hutulia kwa kutoa miale ya infraredi. Wanafizikia John Black na Alexander Dalgarno walichapisha hesabu za mchakato huo mwaka 1976.

Mwaka huohuo miale kama hiyo, yenye urefu wa mikromita 2.12, ilionekana katika Nebula ya Orion. Kumbe chanzo chake hakikuwa urujuanimno! Gesi inayotupwa kwa kasi na nyota changa ilikuwa ikiligonga wingu na kulipasha joto hadi nyuzi 2,000 hivi.

Basi anayesisimua ni nani, mwanga au kishindo? Jibu hupatikana kwa kulinganisha mistari miwili ya infraredi. Penye kishindo, mmoja hung'aa karibu mara kumi kuliko mwenzake; penye urujuanimno, mara mbili tu. Kwa kipimo hicho, katika miaka ya 1980 wingu la NGC 2023 lilithibitika kuwa linasisimuliwa na mwanga.

Carruthers alifariki Desemba 2020. Mwaka mmoja baadaye ilirushwa darubini ya James Webb, ikiwa na kichujio maalumu cha mikromita 2.12.